Jasho la Nar

Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimechomoza nje ya tundu lake, urefu wa kidole kizima, utadhani kuna mtu ndani ya injini aliyekisukuma. Mamatjusup alikitazama, akakirudisha kwa kidole gumba, akafunga boneti na kupanda garini. Kona chache mbele akasimama kukagua tena. Kijiti kilikuwa kimetoka vilevile, na safari hii theluji iliyokuwa chini ya lori ilikuwa na madoa meusi, si moja wala mawili.

Mamatjusup aliporudi kwenye kiti chake, Zuurakan aliona uso wake umebadilika. Hakuuliza. Zuurakan alikuwa mkazamwana wake, mke wa kijana wake Ryskul, na kwa desturi yetu mkazamwana halitamki jina la baba mkwe, hapazi sauti mbele yake, na kumwambia kwamba amekosea ni jambo lisilowaziwa hata ndotoni. Kwa hiyo alikaa kimya karibu na mlango wake, mikono mapajani, akinusa harufu ya oili ya moto inayopenya mpaka ndani.

Walikuwa wametoka mjini Murghab asubuhi, wanapeleka unga, makaa na shayiri kwenye kambi ya majira ya baridi ambako Ryskul alikuwa anachunga yaki, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu. Nyuma yao kulikuwa na mlima waliokwisha kuuvuka, mbele bonde refu lisilo na nyumba. Upepo ulikuwa umeanza kuokota theluji kutoka chini na kuirusha. Injini ikizima mahali kama hapo wakati wa tufani, watu hawamalizi usiku. Kila mtu wa kwetu anajua hivyo tangu utotoni, na wao wawili walijua.

Sasa, lori lenyewe. Lilikuwa la jeshi la mpakani, na askari walipoondoka lilibaki uwanjani mpaka Mamatjusup alipolinunua kwa kondoo. Aliliita Nar, yaani ngamia dume, na kama ngamia yeyote mzee, Nar alitoka jasho. Oili kidogo kwenye kifuniko cha valvu juu ya injini, oili kidogo nyuma yake, tone moja kwenye sampu, lile bakuli la oili la chini, kila lori linapopoa. Miaka yote hiyo Mamatjusup hakuwahi kulitibu jasho hilo. Alilifuta kwa kitambaa, akatazama kama ni jeusi au la kahawia, akalisugua kati ya vidole, akaongeza kikombe cha oili pale lilipohitaji, basi. Mafundi wa sokoni walimwambia akaze bolti, akawajibu kwamba gasketi, ile pedi ya gome la kizibo inayozuia oili chini ya kifuniko, ikikazwa inapasuka, waende wakakaze suruali zao.

Ni Ryskul aliyeharibu mambo kwa mdomo wake. Kwenye sherehe ya jirani, mbele ya wageni, alisema lori la baba linakojoa kama mzee asiyefika chooni. Watu walicheka. Mamatjusup alicheka pia, lakini shingo upande. Zuurakan aliona, ikamuuma, na majira yote ya vuli akakaa anashindilia sufu na kushona. Alimtengenezea Nar blanketi la kumkinga baridi na kumsitiri jasho. Juu lilifunika boneti, mbele liliacha dirisha dogo la rejeta, na pande zote mbili lilishuka mpaka chini ya injini, likapinda kwa ndani, likafungwa kwa kamba za manyoya ya yaki. Lilikuwa na nakshi nyekundu za pembe za kondoo. Mtaa mzima ulikuja kulitazama. Mamatjusup akalizunguka lori mara mbili huku akijikuna shingo, na hiyo ndiyo furaha yake kubwa kabisa.

Hii ilikuwa safari ya kwanza ya blanketi hilo.

Tufani iliwakuta katikati ya bonde. Barabara ikatoweka. Mamatjusup alikuwa anafuata nguzo za zamani za simu, moja baada ya moja, mpaka hata nguzo zikazimika. Akaendesha kwa upepo, akiupima kupitia ufa wa dirisha kwenye shavu lake la kushoto. Upepo ukageuka bila yeye kujua. Gurudumu la mbele likakanyaga barafu ya kijito, barafu ikakatika, na Nar akainama upande kwa mshindo uliompeleka Zuurakan mpaka kwenye usukani.

"Umeumia?" mzee akauliza.

"Goti tu."

"Linakunjika?"

Akalikunja. Lilikunjika.

Walishuka, wakatazama. Gurudumu lilikuwa limezama nusu, ekseli imelala kwenye ukingo. Kulichimbua katika upepo ule kulikuwa ni kujitafutia kifo, kwa sababu theluji ilirudi shimoni haraka kuliko koleo. Mamatjusup aliamua wangoje, injini ikinguruma polepole iwape joto, mpaka tufani ichoke. Petroli ilitosha. Maji yalikuwa theluji, na birika lilikaa vizuri juu ya bomba la moshi karibu na injini. Walikuwa na mikate ya mafuta na kurut, vile vidonge vya jibini kavu ambavyo mtu huvimung'unya mpaka taya lichoke. Kitu kimoja tu hakikutosha. Chini ya injini, theluji ilikuwa inageuka nyeusi.

Mzee alikagua kwa tochi. Oili haikuwa inatoka jasho tena, ilikuwa inatiririka. Alimimina nusu ya kopo la akiba, na hapo, kwa mara ya kwanza maishani, akafanya lile alilowakataza wengine. Alichukua spana akakaza bolti za kifuniko cha valvu. Huenda alisikia kicheko cha wageni wa ile sherehe, sijui. Alikaza ya kwanza, ya pili, na ya tatu ikatoa sauti ndogo ya kitu kilichokatika. Gasketi ya kizibo, iliyokauka kwa miaka na sasa imekakamaa kwa baridi, ilipasuka. Oili ya moto ikamrukia mgongoni mwa mkono. Akarudi garini ameuma meno, na Zuurakan akaupaka mkono ule mafuta ya mkia wa kondoo na kuufunga kwa utepe alioukata kwenye pindo la nguo yake.

"Mpumbavu mkubwa mimi," mzee akasema, akimaanisha.

Lakini mkono ukiwa unamuuma vile, udadisi wake haukulala. Alikaa anatazama boneti kupitia kioo na kuongea peke yake. Gasketi imepasuka sehemu moja tu. Mbona oili ilikuwa inatoka hata kabla? Mbona nyuma, mbona kwenye sampu, mbona kijiti kinapanda? Gari haliwezi kuharibika kila mahali siku moja. Akamgeukia Zuurakan, akamwomba unga.

Zuurakan alidhani hakusikia vizuri. Unga kwetu haumwagwi. Hata chembe ya mkate ikianguka tunaiokota na kuigusisha kwenye paji la uso. Mzee alimweleza kwamba ataifuta injini kwa petroli mpaka ikauke, kisha atainyunyizia unga, na pale oili itakapotokea kwanza, unga utaonyesha. Alisema bismillahi, akaomba msamaha kwa Mungu na kwa mkate, akashika kiganja cha unga.

Alizima injini ili aifute, kwa sababu petroli juu ya chuma cha moto si mchezo. Baridi haikupoteza muda, na mkazamwana akamshikia tochi vidole vikifa ganzi. Ilipokauka akanyunyiza, akaiwasha, nayo ikapiga chafya kadhaa kabla ya kushika. Wakainama wote wawili chini ya boneti kama watoto wanaochungulia kiota. Injini ilikuwa nyeupe. Mstari mdogo wa kahawia ukatokea kwenye gasketi iliyopasuka, kama walivyotarajia. Halafu mwingine upande wa pili, ambao hakuugusa. Mwingine nyuma. Mwingine mbele. Unga uliloa kila palipo na kiungo, na kijiti cha oili kikaanza kupanda mbele ya macho yao, polepole, chenyewe.

"Tazama," Mamatjusup akanong'ona, na kwa dakika hiyo nadhani alisahau kabisa kwamba anaweza kufa. "Tazama kinavyopanda."

Halafu macho yake yakahama, yakashuka upande wa kushoto wa injini, kwenye zile nakshi nyekundu, yakatua hapo. Akakohoa. Akafunga boneti kwa haraka, akasema wanahitaji beseni.

Beseni walikuwa nalo, la kukandia unga wa kambini. Walichimba theluji chini ya injini, wakaliweka, na oili ikawa inadondoka humo badala ya kupotea. Lakini ilidondoka na mchanga, unga na vipande vya kizibo, na huwezi kumrudishia Nar uchafu ule. Walihitaji kitambaa cha kuchujia, chepesi na kisafi. Mzee alitafuta chini ya viti, akatoa matambara magumu ya grisi. Zuurakan alifahamu kabla yake. Kitambaa pekee kilichofaa ni ushungi wake mweupe, na mkazamwana havui ushungi mbele ya baba mkwe.

Mamatjusup aligeuka, akakabili upepo, akaisimamia ile tufani uso kwa uso mpaka alipoambiwa tayari. Zuurakan alikuwa amejifunga gunia la shayiri kichwani. Hakuna aliyetaja jambo hilo. Wakachuja.

Ilikuwa kazi ya kuchosha. Beseni likijaa, wanachuja kwenye kopo tupu, wanamimina injini, beseni linajaa tena. Kila mzunguko kuna kiasi kilichopotea kwenye theluji, kwenye kitambaa, kwenye mikono. Kopo la akiba liliisha. Kijiti kilianza kuonyesha alama ya chini, kisha chini ya alama. Mamatjusup alihesabu kichwani na hesabu ilimkataa: oili ingekwisha kabla ya usiku kuisha, injini ingekwama, na wao wangebaki na sanduku la chuma baridi. Alimwambia Zuurakan ale mkate zaidi, kwamba mwili ulioshiba unapambana na baridi vizuri. Zuurakan alimwelewa. Aliogopa sana, akamfikiria Ryskul anayechungulia mlangoni na kuona theluji tu.

Basi ikatokea mara moja, wakati wa kumimina, mkono wa mzee uliofungwa ukakosa shabaha na kifuniko cha tundu la oili kikamponyoka, kikapotelea thelujini. Alipiga magoti kukitafuta. Zuurakan alikuwa chini, anashikilia beseni lisipeperushwe. Alikuwa anatazama matone kwa muda mrefu mno, akijua mwendo wake. Mwendo ukapungua. Likadondoka tone, likakawia jingine, kisha yakakoma. Juu, kwenye tundu lililo wazi, mvuke ulikuwa unatoka kwa nguvu, fuu, fuu, fuu, kama yaki anayepanda mlima.

Mzee akakiona kifuniko, akakipangusa, akakifunga. Zuurakan alingoja. Matone yakarudi.

Walirudi garini, akampa mzee chai, akamimina yake. Mtu asiyekulia kwetu hawezi kujua jinsi swali dogo linavyoweza kuwa zito kwenye koo la mkazamwana. Alipiga moyo konde.

"Baba, injini inapumua?"

"Inapumua. Kila moto wa ndani unavuja kidogo, lazima utoke pahali."

"Unatokea wapi?"

"Kuna bomba lake."

"Liko upande gani?"

Mamatjusup alijishughulisha na kitambaa cha mkononi, akakifungua, akakifunga upya. "Wa kushoto," akasema mwishowe. "Chini chini huko. Kunywa chai."

Zuurakan hakunywa. Alijua kuna nini upande wa kushoto chini chini huko. Mkunjo wa blanketi, aliouvuta kwa nguvu zake zote na kuukaza kwa kamba ili upepo usipite.

"Blanketi langu limeliziba pumzi," akasema. "Umejua tangu lini, Baba?"

Mzee alitazama nje, ambako hakukuwa na cha kutazama. "Tangu ule unga."

"Na ukanyamaza."

"Ningesemaje, mwanangu? Vuli nzima umekaa unashona. Mama mkwe wako amewaita wanawake wa mtaa wote waje waone. Halafu mimi nichukue kisu nilikate? Nikasema labda kuna njia nyingine, tuchujechuje hivi, asubuhi nitalifungua taratibu, wewe usijue."

"Asubuhi tungekuwa maiti, Baba. Maiti wenye adabu sana."

Zuurakan alisikia maneno yake mwenyewe, akajiziba mdomo kwa kiganja. Hakuna mkazamwana aliyewahi kusema hivyo, si katika ukoo ule. Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Zuurakan alidhani analia. Alikuwa anacheka, cheko la kifuani la mtu aliyebanwa muda mrefu, mpaka chai ikammwagikia.

"Nipe kisu," Zuurakan akasema.

"Naenda mimi."

"Nimelishona mimi, nalikata mimi. Na mkono wako ni mmoja. Wewe shika tochi."

Alilala kifudifudi thelujini, akajivuta chini ya lori. Ule mkunjo ulikuwa umegeuka ubao. Mvuke wa injini uliulowesha, oili ikauloweka, upepo wa chini ukaugandisha juu ya mdomo wa bomba, ukawa kizibo kigumu kuliko chochote cha dukani. Kamba hazikufunguka. Alizikata, kisha akaikata sufu yenyewe, pembe moja nyekundu baada ya nyingine, kisu kikiteleza na kumchana kiganja. Mdomoni mwa bomba kulikuwa na barafu iliyochanganyika na manyoya. Aliichokonoa kwa mpini wa kijiko. Kwanza haikutikisika. Kisha ikamtoka ghafla, na pumzi ya moto yenye harufu mbaya ikampiga usoni, chafu, nene, nzuri kuliko manukato yoyote aliyowahi kununuliwa.

Juu yake sauti ya Nar ilibadilika. Iliacha kukoroma.

Walikagua pamoja. Kijiti kilikaa ndani. Nyuma pakaloa tu, mbele pakaloa tu. Gasketi iliyopasuka iliendelea kudondosha, hilo lilikuwa deni la spana ya mzee, lakini waliibana kwa ukanda wa blanketi uliopakwa grisi na kufungwa kwa waya, na tone likawa moja kwa muda mrefu. Wakachuja kilichobaki kwenye beseni, wakakirudisha chote. Kijiti kikaonyesha chini kidogo ya alama. Mzee akasema Nar amewahi kutembea na pungufu ya hapo, ila alikuwa kijana zaidi.

Walikesha kwa zamu. Kulipokucha upepo ulikuwa umechoka, na nguzo za simu zilionekana, mbali sana kulia kwao. Walikuwa wameacha barabara kitambo. Wakachimba. Wakatoboa magunia mawili ya makaa na kuyamwaga mbele ya magurudumu, wakatandika blanketi lililobaki juu yake, nakshi juu, na Mamatjusup akaingiza gia ya chini kabisa. Nar alitetemeka, akatafuna makaa, akatafuna sufu, akapanda ukingo. Kuanzia hapo walikwenda kwa mwendo wa mtu wa miguu. Kila wakisimama, Zuurakan ndiye aliyeshuka, akachomoa kijiti, akakifuta, akakitumbukiza, akakisoma. Ilianza kwa sababu ya mkono wa mzee. Baadaye mkono uliweza, na bado mzee alikaa kitini akingoja kuambiwa.

Moshi wa kambi ulionekana jua likiwa limekwisha pita katikati. Ryskul alikuja mbio bila kofia, akamkuta mkewe na gunia la shayiri kichwani, uso mweusi wa oili, kiganja kimefungwa, akashindwa kuchagua aanze na swali gani. Nyuma yake akaja Abdykapar, mchungaji mzee wa kambi ya jirani, aliyekuwa anajiandaa kwenda kuwatafuta kwa farasi.

Ndani, chai ikawekwa, wanaume wakakaa upande wa heshima, mbali na mlango. Zuurakan alinawa, akajifunga ushungi wa kuazima, akasimama karibu na mlango na birika lake kama desturi inavyotaka. Abdykapar, ambaye naye aliwahi kuendesha malori na kwa hiyo anajua yote, alimwuliza Mamatjusup lori lilipatwa na nini. Gasketi? Sili ya nyuma? Au alikaza bolti? Ryskul alitabasamu, na kuna utani ulikuwa unamjia mdomoni.

"Muulizeni mkazamwana wangu," Mamatjusup akasema. "Mimi nilikuwa nashika tochi."

Wote wakamgeukia. Birika lilikuwa zito mkononi mwa Zuurakan, akaliweka chini. Angeweza kunong'ona kwamba ni baridi tu, watu wangeitikia na chai ingeendelea.

"Nilikosea mimi kwanza," akasema, kwa sauti iliyofika kila kona ya chumba. "Halafu Baba naye akakosea, na kosa lake lilikuwa kubwa zaidi. Ngojeni niwaeleze."

Abdykapar aliacha kutafuna. Ryskul alimtazama baba yake, akingoja radi. Mamatjusup akajisogeza upande, akavuta mto, akampisha mahali pa kukaa.